Kwa Nini Tunawasha Flashi Mchana: Bata, Watoto na Jua la Saa Sita

Akina mama wapenzi, wengi wenu mmekwisha kusikia habari ya bata dume wa mwenzetu, yule aliyepenya ua wa matete akaingia parsele ya jirani asirudi tena. Hatuiandiki ili kuamsha ugomvi, maana mama wale wawili wamepatana, na juzi walikaa mkeka mmoja matangani. Tunaiandika kwa sababu ya picha.

Mwenzetu alikwenda kwa shefu wa avenyu na simu mkononi. Alieleza vizuri: bata wangu mgongo wake unang'aa kijani, penye bawa kuna zambarau, bega la kushoto lina doa jeupe lenye umbo la jani, na nyama nyekundu ya usoni imechanika upande mmoja. Picha yake ninayo. Shefu aliipokea simu, akakinga kioo kwa kiganja ili aone vizuri. Alichoona ni donge jeusi kama gunia la makala, na juu yake doa jeupe lililoungua hata umbo lake halijulikani. Jicho halikuonekana. Kijani hakikuwepo. Jirani naye akatoa simu yake, na ndani yake kulikuwa na gunia lingine la makala. Shefu akacheka kidogo, akasema, "Mama, bata wa namna hii katika avenyu yangu nina thelathini."

Basi bata akauzwa, pesa zikagawanywa nusu kwa nusu. Ile nusu iliyopotea ilikuwa sehemu ya minervali ya mtoto wake, na mtoto alikaa nyumbani wiki mbili.

Katika kikao cha Jumamosi iliyofuata mliamua kwamba kila mwanamemba apige picha bata wake na kuitunza. Mkatugeukia sisi, kwa kuwa ndio tunaoshika kamera ndogo ya shule siku za sherehe, mkatuomba tuonyeshe namna ya kufanya rangi zitokee. Tulikubali bila kuvuta maneno. Kwa nini tulikubali upesi hivyo, tutasema huko chini.

Kwanza tumjue bata mwenyewe. Bata tunaofuga hapa Uvira, wenye nyama nyekundu usoni, ndio wale ambao Wafaransa huwaita bata wa Barbarie. Jina hilo lina makosa, kwa maana asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Wenyeji wa huko waliwafuga zamani kabla ya Wazungu kufika, kisha meli za Wazungu zikawatawanya duniani. Dume ni mkubwa sana kuliko jike. Hawapigi kelele kama bata wengine. Dume anapumua kwa sauti kama tairi linalotoa upepo. Mama anaatamia siku 35 hivi, wakati bata wa kawaida anaatamia 28. Hayo mnayajua wenyewe kuliko sisi.

Tulipoanza mazoezi, mama mmoja alilalamika kwamba bata wetu hawana rangi ya kupigia picha. Alikuwa amemwona bata wa kalenda ukutani dukani, mwenye manyoya ya rangi ya machungwa mashavuni, kifua cha zambarau na mdomo mwekundu. Yule ni bata wa Asia ya Mashariki, wa China na Japani, na ni kweli anapendeza. Lakini tulimwomba mama achukue unyoya mmoja wa mgongoni kwa bata wake aliye "mweusi", aushike juani, augeuze polepole kati ya vidole. Akaugeuza. Kijani kikatokea, kikahama, kikawa kama bluu, kikaingia zambarau, kikapotea. Akaurudisha nyuma, kikatokea tena. Alikaa na ule unyoya mpaka tukaomba atupe nafasi tuendelee.

Rangi ile si rangi iliyopakwa, kama ya kitenge. Ndani ya unyoya kuna tabaka nyembamba sana, nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, na mwanga unapozigonga unarudi umegawanyika. Mmeona jambo hilo hilo katika povu la sabuni mnapofua, au mafuta ya pikipiki yakimwagika kwenye dimbwi la maji. Povu halina rangi, lakini linaonyesha rangi zote. Ndiyo maana kijani cha bata kinategemea mahali mwanga unapotoka na mahali jicho lilipo. Mwanga usipompiga upande ule unaoutazama wewe, kwako anabaki mweusi tu.

Sasa fikirini jua letu. Uvira iko kusini kidogo ya ikweta, kati ya digrii 3 na 4. Katika mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa kumi, jua la saa sita linasimama juu ya utosi kabisa, na hata miezi mingine haliendi mbali. Linampiga bata mgongoni kutoka juu. Wewe unasimama mbele yake, na upande unaotazama, yaani kifua, shavu na ubavu, uko kivulini. Doa jeupe la begani linapata jua lote. Kamera inatakiwa kuchagua. Ikiokoa weupe, weusi unakufa. Ikiokoa weusi, weupe unaungua. Jicho letu linavumilia tofauti kubwa kuliko kamera, na linahamahama; ndiyo sababu mama yule aliona kijani kila siku kwa macho yake, na simu haikukiona.

Mtasema: basi tupige picha asubuhi. Ni kweli, asubuhi ni bora. Jua linatoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi, liko chini, linampiga bata ubavuni, na kila kitu kinaonekana. Lakini asubuhi nani yuko nyumbani? Wengine mko shamba katika uwanda wa Ruzizi, wengine mnapanga ndagala sokoni, sisi tuko mbele ya ubao. Na jioni milima ya Mitumba inatuficha jua mapema. Saa ambayo mama anarudi, anawamwagia bata pumba na maji, nao wanakuja wote pamoja, ni ile ile saa sita, au saa saba. Kwa hiyo tukajifunza kupiga picha katika saa tuliyo nayo.

Dawa yake ni flashi. Tuliposema hivyo kikaoni mlicheka, na tunawaelewa. Nani awashe taa mchana? Flashi tunaijua ya usiku, ya arusi na ya mkesha. Lakini mchana kazi yake ni nyingine. Jua linabaki taa kubwa, na flashi inaingiza mwanga mdogo kutoka mbele, pale kwenye kivuli ambako jua halikufika. Wapiga picha wa studio wanajua jambo hili siku nyingi.

Tatizo la kwanza ni kwamba simu nyingi na kamera nyingi zimewekwa zijiamulie zenyewe. Mkiona alama ndogo ya radi yenye herufi A pembeni, hiyo ndiyo maana yake: mashine itaamua. Na mashine, ikiona jua kali, inaamua kwamba mwanga unatosha, haiwashi kitu. Bonyezeni ile alama ya radi mpaka A iondoke, ibaki radi peke yake isiyokatwa kwa mstari. Hapo flashi itawaka kila mara, mchana au usiku. Mama watatu kati yetu walikuwa na simu hizo zaidi ya mwaka bila kugusa mahali hapo.

Jambo la pili ni umbali, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana ualimu hauondoki. Chukueni tochi usiku, mulikeni ukuta mkiwa hatua moja. Mtaona duara. Rudini mpaka hatua mbili. Upana wa duara unakuwa mara mbili, na urefu pia mara mbili, kwa hiyo mwanga ule ule sasa unafunika sehemu nne. Ni sahani moja ya bugali iliyokuwa ya mtoto mmoja, sasa wamekuja wanne. Hatua tatu, wamekuwa tisa. Ndiyo sababu flashi ya mbali haina faida, hasa ikishindana na jua. Kwa kamera ndogo yenye flashi ya kweli, kaeni mita 2 hivi kutoka kwa bata. Kwa simu, mita 1, na tusidanganyane: kitaa cha simu ni kidogo, katika jua wazi la saa sita nguvu yake karibu haionekani.

Mwenye simu afanye hivi. Amvute bata kwa pumba mpaka kwenye kivuli cha mwembe au chini ya baraza. Pale jua halichomi weupe, na kitaa cha simu kinapata kazi kinayoiweza. Kama hakuna kivuli, mtu mmoja amkinge bata kwa mwavuli au kitenge kilichotandazwa juu, mwingine apige picha.

Na asiye na flashi kabisa? Shuka jeupe. Tandazeni shuka jeupe juani mbele ya bata, au mtoto alishike limeinama kuelekea kwake. Jua linapiga shuka, shuka linarudisha mwanga chini ya kidevu na kifuani. Gunia jeupe la unga lililofuliwa linafaa pia. Tulijaribu mfuniko wa sufuria na haukufaa. Mwanga wake ulikuwa mkali kama kisu na bata alikimbia.

Siku ya mazoezi yenyewe haikwenda kama tulivyopanga. Picha ya kwanza ilikuwa majani matupu, bata alishaondoka. Ya pili mama alisogea mno, flashi ikachoma lile doa jeupe likawa kama karatasi, na nyama ya usoni ikang'aa kama imepakwa mafuta. Tukarudi nyuma hatua moja. Tukaweka pia kipande kimoja cha karatasi laini ya chooni mbele ya flashi ili kuipunguza ukali, mbinu ambayo haigharimu kitu. Ya tatu mama alipiga akiwa amesimama, na picha ikaonyesha mgongo tu, kama vile tai anavyomwona bata. Tukamwomba achuchumae. Hapo alichukia kidogo kwa sababu ya magoti, halafu akakubali.

Picha ya saba ndiyo iliyotuliza kelele. Alichuchumaa mpaka kamera ikawa sawa na jicho la bata, jua likiwa nyuma ya bata na flashi mbele. Kifua kilitoka kijani, chini yake zambarau, doa la begani likaonekana mpaka ncha za manyoya yake, na ndani ya jicho kukawa na nukta ndogo nyeupe ya mwanga. Nukta hiyo ni flashi yenyewe ikijiona katika jicho, nayo ndiyo inayomfanya bata aonekane hai. Mama alisema, "Kumbe ana sura!"

Ni kweli wana sura. Tulipoweka picha za bata wanane pamoja, kila mmoja alikuwa na nyama ya usoni ya namna yake, kama ramani za visiwa tofauti. Kwa hiyo kwa picha za kutunza tunapendekeza nne kwa kila bata: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, uso kwa karibu, na moja mama akiwa amemshika mwenyewe, ili ijulikane ni wa nani. Na kwa sababu kijani kinahama bata anapogeuka, pigeni tano au sita mfululizo kila upande, mchague moja, mfute nyingine. Simu inaandika tarehe ya kila picha, iacheni, itasaidia. Bata akishabadilisha manyoya, rudieni, maana madoa meupe hayakai daima yalivyokuwa alipokuwa mchanga.

Tunaomba pia tuwahurumie. Mmuliko mmoja mchana haukuwasumbua bata wetu wakubwa; walipepesa jicho wakaendelea kula. Vifaranga walishtuka wakapandana, nasi tukaacha. Anayeatamia asiguswe na picha, amekaa siku nyingi na hana haja ya kusimamishwa kwa ajili yetu. Usiku ndani ya banda, hapana kabisa; wakipata hofu gizani wanakanyagana. Na dume akishikwa, angalieni kucha zake. Mkono wetu wa kulia bado una alama.

Sasa tuseme lile tuliloahidi.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya proklamasio, tulipanga wanafunzi wetu wa mwaka wa sita katika uwanja wa shule. Ilikuwa saa sita. Mashati meupe, sketi na suruali za bluu, wote wamependeza. Kamera tulishika sisi. Flashi tuliizima kwa mkono wetu wenyewe, tukisema mwanga upo wa kutosha na batri isije ikaisha kabla ya hotuba.

Katika safu ya pili alikuwepo msichana mmoja aliyependa sana hesabu. Kabla likizo kwisha alifariki kwa malaria. Mama yake hakuwa na picha nyingine yake tangu alipokuwa mtoto wa mgongoni. Tulimpelekea ile ya siku ya proklamasio. Kola nyeupe inaonekana wazi, mpaka kifungo cha juu kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Juu ya kola kuna giza. Macho ni mashimo mawili, mdomo huonekani. Mama alitushukuru kwa heshima, akaitazama kwa muda mrefu, akaitundika ukutani. Alituambia kwamba anajua ni binti yake kwa sababu ya uzi ule, maana kifungo alikishona mwenyewe asubuhi ile.

Hatukuwa na la kujibu. Picha ile ni sisi tuliopiga. Tulikuwa tumesomea ualimu, tunajua kuandika somo la mwanga na kivuli ubaoni na kuwauliza watoto maswali, na siku ile hatukukumbuka kubonyeza alama moja.

Ni jambo lile lile la bata, tusamehewe kulinganisha. Shati jeupe linapata jua lote, na uso wetu wenye ngozi nyeusi uko chini ya kivuli cha paji la uso wake wenyewe. Kamera inaokoa shati. Ngozi yetu nayo ina rangi nyingi ndani yake, nyekundu ya shavu, kahawia, mng'ao wa dhahabu penye mfupa, lakini mwanga usipoingia kutoka mbele yote yanakuwa kitu kimoja. Angalieni picha za komunyo, za ubatizo na za arusi ndogo zilizopigwa nje saa sita, zilizoko kwenye kuta zenu. Hesabuni nyuso mnazozitambua kwa nguo.

Kwa watoto fanyeni hivi. Wapeni mgongo jua, ili wasikunje macho. Washeni flashi. Sogeeni mpaka mtoto ajaze kioo kuanzia kiuno kwenda juu. Miguu yake haina haja ya kukumbukwa sana. Wakiwa wawili au watatu, bado inawezekana. Wakiwa darasa zima la watoto arobaini, flashi ndogo haiwafikii, hata tukitaka, na hapo msing'ang'anie uwanja. Wapelekeni chini ya baraza la shule au upande wa jengo wenye kivuli, wote wawe kivulini, asiwepo hata mmoja mwenye jua kichwani. Wanaopanga sherehe za shule wanapenda uwanja kwa sababu ya bendera. Bendera ipigwe picha yake peke yake.

Jumamosi ijayo tunakutana mahali petu pa kawaida saa nane mchana, baada ya soko. Kila mmoja alete bata mmoja katika kikapu, simu yenye chaji, na shuka au gunia jeupe. Mwenye mwavuli aulete. Asiye na simu asibaki nyumbani, kamera ya shule tutakuwa nayo na batri tumekwisha kuijaza. Picha zikitoka, tutazichapa kwa pesa ya likelemba kama mlivyokubali, na nakala moja itakaa katika daftari la chama.

Leteni na watoto. Mama wa yule msichana ametuma neno kwamba atakuja na mdogo wake wa kiume, ambaye sasa yuko mwaka wa nne. Tumemwambia amvalishe shati jeupe.